Herufi za Msalaba wa Kambale

Mpendwa Papa Neema,

Kuna mama mzee amekufagilia kaburi, na si wa ukoo wetu. Naanza na hilo kwa sababu najua ungecheka, halafu ungeniuliza alikuwa amevaa kitenge gani. Ilikuwa siku ya kuwaombea marehemu wote. Baada ya misa, mimi na Neema tulipanda makaburini, mimi na panga la kukatia majani, yeye na ufagio na maua aliyoyaomba kwa masista. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha matope, unaujua mlima ule. Tulipofika tulikuta majani yamekwisha kukatwa, udongo umesawazishwa, na mama huyo amepiga magoti akisali rozari kwa Kinande, pole pole, bila haraka yoyote ya kurudi nyumbani.

Neema alitaka kumuuliza hapo hapo. Nilimzuia, maana mtu aliye katika sala huachwa amalize. Alipomaliza alitutazama kwa wema.

"Na banyinyi muko na mutu hapa?"

"Ndiyo, koko. Njo huyu," Neema akasema, akimwita bibi kwa heshima na kuonyesha kaburi.

"Hapana, mutoto wangu. Huyu ni Kambale wangu. Ona jina."

Jina lilikuwepo kweli. KAMBALE. Lakini chini yake, mahali palipoandikwa Faustin na tarehe zako, mvua ilikuwa imekula rangi yote, ubao umebaki mtupu. Nawe unajua kwetu Kambale ni mtoto wa pili wa kiume wa kila nyumba. Ukitupa jiwe sokoni litampata Kambale, na atakayekukamata kwa kutupa jiwe naye ni Kambale. Makaburi yale yamejaa watoto wa pili.

Tulimsaidia kumtafuta wake. Tulimkuta upande wa chini, msalaba umeanguka kifudifudi ndani ya majani marefu. Neema aliuinua, akaupangusa kwa upindo wa kitenge chake. Herufi nyeupe za plastiki zilikuwa zote, hakuna hata moja iliyobanduka ukingo. Nilizitambua kabla sijazisoma. Ni wewe uliyezikata, dukani kwetu, na mimi ndiye niliyezichuna. Yule mama alizipapasa kwa kidole, akasema, "Aksanti, Mungu. Njo yeye." Mimi nilisimama na panga langu nikakuonea hasira. Ndiyo, hasira. Umeandika majina ya nusu ya mji huu, na lako halipo. Mganga hajigangi, wanasema, lakini mke wa mganga naye afanye nini?

Sijawahi kukueleza ilivyokuwa asubuhi ile ya kukuzika. Maradhi yalikuchukua haraka, hukupata nafasi ya kupanga chochote, na sisi pia hatukupata. Uani watu walikuwa wanaimba chini ya hema, mvua inanyesha, na mimi nikatoroka nikaingia dukani. Nilisema moyoni, mtu huyu hawezi kwenda bila herufi zake. Nikawasha kompyuta, nikaandika jina, nikachukua bunda la autocollant, ile plastiki nyeupe yenye gundi, kutoka chumba cha nyuma, nikaingiza kwenye mashine ya kukatia herufi kama nilivyokuona ukifanya kila siku. Ikaanza vizuri. Halafu neno likaanza kupanda juu kama linafuata njia ya mlima, A haikufunga, B ikakatwa nusu, na nilipojaribu kuchuna, plastiki ikachanika mkononi. Nikarudia. Ikawa mbaya zaidi.

Kaka yako Paluku, aliyekuwa amefika kutoka Beni usiku ule, aliingia akanikuta nimeishika ile mashine kwa mikono miwili.

"Mama Neema, achia hapo. Batu banangojea."

Basi aliyekuandika ni Mzee Katembo. Ndiyo, yeye yule, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mwenye brashi, mliyebishana naye tangu tulipohamia Butembo kama bora ni brashi yake au kisu cha mashine yako. Aliuchukua msalaba, akakaa chini ya mwavuli alioushika Neema, akaandika huku machozi yanamtoka. Hakutaka hata soda. Rangi haikuwahi kukauka, tukaupanda msalaba ukiwa bado unanukia mafuta. Simlaumu kwa mvua iliyofuata. Lakini ninyi wawili mlibishana miaka yote, na mwishowe brashi ndiyo iliyoandika jina lako. Sema sasa nani alishinda.

Siku hiyo tuliporudi kutoka kwa yule mama mzee, nilimpigia shemeji Paluku simu. Nilimwambia jina limefutika, na kwamba nataka sasa likatwe, kabla ya misa ya kukutimizia mwaka. Yeye ni mtu mwema, unamjua. Tangu uondoke hajaacha kutuletea ndizi kila gari linapopanda. Akanijibu pole pole, kama anayemnyang'anya mtoto wembe.

"Hapana sumbuka, Mama Neema. Nitafanyisha huku Beni. Kuko mutu anachonga ku chuma, muzuri kabisa. Ile machine ilishakufa pamoja na mwenyewe."

"Hapana, shemeji. Jina yake itakatwa ku duka yake."

"Itakatwa na nani?"

Nikamwambia itakatwa tu. Naye akasema kama msalaba hautakuwa tayari siku ya misa atakuja na kibao chake cha chuma, nasi tusigombane mbele ya watu. Tukakubaliana hivyo. Nilipokata simu swali lake lilibaki pale jikoni likinitazama.

Maana wewe, Papa Neema, hukunifundisha kisu. Tangu Beni uligawa kazi mwenyewe bila kuniuliza: wewe kompyuta na mashine, mimi kibano na kuchuna, kutoa plastiki isiyotakiwa hadi herufi zibaki peke yake. Nikisogea karibu na vibonyezo ulisema, "Hapana gusa, hii machine iko na wivu, inapenda mutu moya." Nami nilikujibu kwamba sijaolewa ili nikae na mke mwenza anayekula umeme. Tulicheka. Nilicheka kweli, lakini nilitaka kujua pia, na hilo hukuliona.

Nakumbuka siku ilipofika. Ilikuwa imetumika tayari kule Kampala, imechoka, ina mkwaruzo ubavuni, na wewe na Paluku mliibeba kutoka kwenye lori mkitembea kwa tahadhari zaidi kuliko mlivyombeba Neema alipozaliwa. Joto la Beni lilikuwa linatoa jasho hata kwenye kuta. Mliichomeka, ukaandika BENI, ikakata, nikachuna, tukabandika neno hilo kwenye mlango kana kwamba watu hawajui wako mji gani. Kesho yake wenye pikipiki walipanga foleni, kila mmoja na neno lake la kuweka nyuma ya kiti. Nami nakumbuka tulipoondoka Beni, wakati ule watu wengi walipokuwa wanaondoka. Uliifunika mashine kwa blanketi letu la harusi, tukapanda mlima kwa lori, juu ya magunia ya kakao, na baridi ikianza kutuingia mifupani. Nilikuuliza kama blanketi ni la mke au la chuma. Ukavua koti lako ukanipa, ukabaki na shati, ukipiga chafya hadi Butembo.

Basi, baada ya simu ile niliamua kuigusa. Neema alipotoka kwenda shule nilifunga mlango wa duka, nikavuta kiti, nikaisalimu. Nilianza na kisu, kwa kuwa ndicho nilichokiogopa. Nilifungua lile kopo lako la maziwa ulimokuwa ukiweka visu vipya, na kumbe ndani kulikuwa na ndoana ya samaki. Nikacheka peke yangu. Ni ya Kyavinyonge, siku tuliposhuka ziwani kubandika majina kwenye mitumbwi. Uliwaapia wavuvi kwamba gundi yako haiogopi maji, na kabla hatujamaliza kula, jina la mtumbwi wa kwanza lilikuwa linaelea peke yake kuelekea Uganda. Wakakupa ndoana ili uende ukalivue. Tulirudi na samaki wengi kwa sababu uliwachekesha, hukurudi na kazi hata moja.

Nilipokifungua kishikio cha kisu nikakuta vumbi la plastiki limejisokota ndani hadi kisu hakiwezi kugeuka kwenye kona. Nililitoa kwa sindano, nikaweka kisu kipya, nikaandika BUTEMBO. Kingo zikawa safi, lakini herufi bado zilitoboka hadi kwenye karatasi ya chini. Nikainama kama ulivyokuwa ukiinama, nikapitisha kidole kwenye ule utepe mweupe ambao kisu hupita juu yake. Ulikuwa umechimbika mfereji kwa majina ya miaka yote. Nikaubandua taratibu, nikaugeuza upande wake usiochimbika. Herufi zikaacha kutoboka. Siku hiyo nilikula ugali mwingi kuliko kawaida, nikajiona fundi.

Lakini neno bado lilipanda mlima, na O ya mwisho haikufunga. Mwanzo wake na mwisho wake vilipishana, kama mlango usiofika kwenye fremu yake. Nilisafisha vigurudumu vya mpira vinavyoshika plastiki, nikatumia pombe kali mpaka duka likanuka baa. Nafuu kidogo. Nikashuku jenereta, nikaizima, nikangoja umeme wa mji. Vile vile. Nikahamisha meza, nikabadilisha waya, nikamwambia Mtakatifu Yosefu kwamba hata yeye alikuwa na vyombo vya kazi, anielewe. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba mchana, jua likiwaka, mara nyingine iligeuka tabia ikakata vizuri kabisa. Asubuhi yake ikaharibu tena.

"Inalilia baba yako," nilimwambia Neema. "Asubuhi njo inamukumbuka."

"Mama, machine haina roho," akasema. Anamaliza sekondari mwaka huu, na ana mdomo wako.

Nilijua haina roho. Ila nilikuwa nimechoka, na mtu akichoka hutafuta mwenzake wa kulia naye. Misa ilikuwa inakaribia. Kulikuwa na asubuhi nilizowaza, acha, shemeji alete chuma chake, chuma nacho kinasomeka. Nilikaribia kumpigia.

Aliyenizuia ni Mzee Katembo, na hajui hadi leo. Alivuka barabara asubuhi moja ya ukungu, kibao cha duka la dawa kikimngoja, kopo la rangi mkononi. Alinikuta nachemsha chai kwenye babula, jiko letu la makaa, pale mlangoni.

"Wavukire, Mama Neema. Naomba moto kidogo."

"Chai iko, muzee."

"Hapana chai. Rangi." Akaliweka kopo kando ya makaa, akaanza kuikoroga kwa kijiti. "Ililala na baridi. Kama hauiamushe kwanza, haishike ku mbao. Ku Beni batu habajue hii kazi, lakini huku, bila moto hakuna kuandika."

Nilikuwa na kikombe mkononi, nikakiweka chini. Nikakuona, Papa Neema. Nilikuona unavyoingia dukani kila asubuhi, hapa Butembo, kabla hujavua koti wala hujamsalimu mtu. Ulivuta plastiki kutoka kwenye bunda, urefu wa meza nzima, ukailaza karibu na babula, chupa ya chai kona hii, kofia yako kona ile. Kisha ukasimama mlangoni kubishana mpira na wenye pikipiki mpaka jua litoke. Kila siku ya Mungu. Nami kila siku nilikuuliza unatandika meza kama kitanda, chai tutainywea wapi? Ulijibu, "Acha ipumuzike kwanza." Nilidhani ni uvivu wako umejitafutia jina zuri.

Beni hukufanya hivyo hata mara moja. Kule ulikata moja kwa moja kutoka kwenye bunda, joto lilikuwa limekwisha kuilainisha. Ni huku, kwenye baridi yetu, plastiki inaamka ngumu, imejikunja, na ukiiingiza hivyo inavutana na vigurudumu, inateleza kidogo kidogo, neno linapanda na O inabaki wazi. Asubuhi ya kukuzika nilitoa bunda chumba cha nyuma, kwenye sakafu ya saruji, mvua nje, nikaliingiza likiwa baridi kama maiti, nisamehe neno hilo. Mashine ilikuwa nzee, ndiyo, na kisu chake kilikuwa kimeziba. Lakini haikufa nawe. Ilikosa mtu wa kuitandikia meza.

Hukuniambia. Sidhani ulinificha. Nadhani wewe mwenyewe hukujua kwamba ile nayo ni kazi, mikono yako ilijifunza baridi ya Butembo bila kukupa habari. Nililia pale pale, mbele ya Mzee Katembo na kopo lake. Akaendelea kukoroga bila kunitazama, na namshukuru kwa hilo.

Alipoondoka niliivuta plastiki, nikailaza mezani. Chupa ya chai kona moja. Kofia yako ilikuwa bado kwenye msumari, nikaiweka kona ya pili. Nikangoja, na kungoja ndiko kulikonishinda kuliko mambo yote, sasa naelewa kwa nini ulihitaji mpira wa kubishania. Jua lilipopanda nikaingiza, nikaandika BUTEMBO, nikabonyeza. Neno likatembea sawa kama kamba iliyovutwa. Nilichuna, nikaifuata ile O kwa ukucha, nikazunguka, nikazunguka tena, nisione ilipoanzia wala ilipoishia.

Sikukata jina lako siku hiyo. Nilikata la mwenye pikipiki mmoja aliyetaka kuandika jina la mchumba wake, kisha kibao cha mama anayeuza mbegu za vitunguu. Nilikata vibaya mara moja, kisu kilikuwa kirefu mno, nikajua kukipunguza. Nilitaka mkono uzoee kwanza. Sikutaka jina lako liwe la kujifunzia.

Nilipolikata, alasiri ya kuamkia misa, Neema alisimama kando yangu. Nimechuna majina ya wafu wengi huku nikilalamika bei ya mboga ya sombe. Lako nilichuna kimya. Nilitoa tumbo la kila A, nikatoa matumbo mawili ya B, nikaenda pole kwenye S. Nikafikiri, mtu huyu nilimfulia mashati, nilimkanda mgongo, nilimgombeza kwa chakula kilichopoa, na leo ninamshika kwa ncha ya kibano. Niliyatupa mabaki kama siku zote. Kisha nikabandika jina lote kwenye msalaba mpya, kwa kiganja, bila hata povu moja la hewa.

Shemeji alifika asubuhi na pikapu, mke wake na watoto wote wa Beni wakiwa nyuma, na kibao chake cha chuma amekifunga kwenye gunia. Baada ya misa tulipanda makaburini, Padri mbele, tukaung'oa ubao wa zamani, tukapanda mpya. KAMBALE FAUSTIN. Papa Neema. Na tarehe zako. Shemeji akapiga magoti, na kwa sababu mashine ile mliinunua pamoja na anaijua, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa kila herufi, moja moja, akitafuta inapoanza kubanduka. Hakupata. Akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Nani alikata?"

"Ni miye."

Kisha akainuka, akapangusa magoti, akaniangalia kama mtu anayetoa agizo la kazi.

"Basi na mimi siku yangu, weye njo utanikatia."

"Bado, shemeji," nikamwambia. "Autocollant ingali na baridi."

Akacheka, Papa Neema. Kaka yako alicheka makaburini, kwa sauti, mpaka Padri akageuka, na mimi nikacheka, na Neema, na kicheko kikatuishia machozini wote watatu. Gunia lilirudi Beni kama lilivyokuja, halikufunguliwa.

Siwezi kukuambia kwamba nimezoea. Sijazoea. Mchana nina kazi, na jioni nina Neema na vitabu vyake. Ila asubuhi, plastiki ikiwa imelala mezani na mimi sina la kufanya ila kungoja, hapo ndipo ninapokukumbuka sana, na simfichi mtu. Wenye pikipiki wamenizoea. Wanasimama mlangoni, wananibishia mpira nisioujua, nami nawatetea wanaofungwa.

Pumzika sasa. Atakayepita huko akiuliza ni Kambale yupi, asome.

Mke wako,
Mama Neema